Kukoleza na Kuunga: Neno juu ya Nyama ya Kikaangoni katika Nchi ya Usangu

Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, yajulikana leo kwa mpunga wake. Hata hivyo uwanda wa Usangu ulikuwa nchi ya ng'ombe kabla ya mashamba makubwa ya umwagiliaji. Penye nyama hutakiwa chumvi, nayo chumvi haipatikani kila mahali huko bara. Chimbuko moja mashuhuri la kusini ni Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Uchimbuzi wa Fagan na Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba chumvi ilitengenezwa pale tangu karne ya 13 hivi.

Maneno ya jikoni yamehifadhi habari za mambo hayo. Munyu, jina la kale la chumvi ambalo Kiswahili kingali nalo, lina ndugu zake katika Kinyakyusa, Kiganda na Kishona. Kukaanga nako ni kwa asili ya Kibantu: Wakikuyu husema karanga, na Kiswahili kimeidondosha konsonanti ya katikati. Kaango na kikaango vyatokana na kitenzi hicho, wala havikungoja vyombo vya chuma vya madukani, maana kaango la zamani lilikuwa la udongo. Viungo, kinyume chake, vingi vina majina ya ng'ambo: bizari na karafuu kutoka Kiarabu, dalasini kutoka Kiajemi. Majina hayo ni ya pwani, nayo pwani na Usangu ziliunganishwa na misafara ya karne ya 19, ambayo baadhi ya Wabaluchi wake walifanya maskani huko.

Kwa sababu hiyo yafaa kutenga vitenzi viwili ambavyo mara nyingi hufasiriwa kana kwamba ni kimoja. Chumvi hukoleza, yaani huitimiza ladha iliyomo ndani ya nyama. Viungo huunga, yaani hushikanisha na nyama ladha iliyotoka nje.

Utaratibu wa mpishi hodari wafuata tofauti hiyo. Chumvi hutangulia. Ikipakwa, huvuta maji ya nyama; nyama ikitiwa kikaangoni saa hiyo, huchemka badala ya kukaangika. Pande nene likiachwa dakika 40 au zaidi, sehemu ya maji hayo hurudi ndani pamoja na chumvi, na uso hukauka. Ndipo mafuta ya moto huupa rangi. Bizari iliyosagwa hufuata baadaye, moto ukiisha kupunguzwa, maana katika mafuta makali huungua ikawa chungu.

Siku hizi pakiti moja ya dukani huchanganya chumvi na viungo, na vyote hutiwa kwa mkono mmoja. Kazi mbili zikifanywa kuwa moja, huenda kitenzi kimoja kikatosha. Kikipotea kukoleza, utapotea pamoja nacho ushahidi kwamba mpishi wa bara alijua kuitimiza nyama kwa munyu peke yake, kabla bizari haijapanda kutoka pwani.