Triko ya uzi munene: namna ya kupita baridi ya Kolwezi bila mbabula mu chumba

Toka mwezi wa tano mpaka wa munane mvua hainyeshe Kolwezi, na mu mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inakamata kabisa. Muji wetu uko juu, zaidi ya metre 1,400 toka bahari. Jua likizama, joto ya udongo inapanda tu mbinguni, juu hakuna mawingu ya kuizuia. Mutu anayetoka Kinshasa na shati moja anajua habari hiyo usiku wa kwanza.

Mu nyumba nyingi dawa ya baridi ile ni mbabula. Inawashwa inje, kiisha inaingizwa mu chumba cha kulala na mulango unafungwa. Lakini makala inayowaka mu chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu wala rangi. Mutu aliyelala hawezi kuisikia ikimukamata. Njo maana tunazungumuzia hapa bulangeti ya uzi munene: inakaa mu kitanda, mbabula inabaki inje.

Kufuma si kitu kigeni kwetu. Wakati wa Union Minière, kampuni ilitaka mufanyakazi akae na bibi na batoto mu kambi, asirudi tena kwao kila mara. Mu foyer social za makambi banamama walifundishwa kupika, kushona na kufuma, zaidi nguo za mutoto muchanga. Gécamines ilipochukua nafasi yake kisha mwaka 1967, foyer ziliendelea. Halafu mugodi wa Kamoto ulibomoka mwezi wa 9 mwaka 1990, kazi ikashuka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka mu mupango ulioitwa départs volontaires. Kama ulikuwa kweli wa kupenda, kila nyumba iko na jibu yake. Ufundi wenyewe unabaki mu mikono ya bankambo wa Luilu, Musonoie na Kapata. Ukiwa na nkambo wa namna hiyo, kwenda kukaa naye siku mbili kunapita kusoma habari hii.

Uzi munaitwa munene kama vitanzi 12 mpaka 15 vinatosha kujaza sentimetre 10. Uzi mwembamba wa mutoto unaomba karibu 28. Kwa hiyo kazi inaenda mbio, na mutu anayejifunza anaona matunda mapema. Joto yenyewe haitoke mu uzi, inatoka mu hewa inayolala katikati ya nyuzi. Basi usikaze mukono: triko iliyokazwa sana inakuwa ngumu sawa kikapo, na joto yake inapungua.

Shida ni kwamba mu soko tunapata zaidi peloti nyembamba za akriliki. Si neno. Kamata nyuzi mbili, tatu ao ine, uzifume pamoja kama uzi mumoja. Kama uzi mumoja unatumika na shindano ya nambari 4, nyuzi mbili zinaomba karibu nambari 6, na nyuzi ine nambari 8. Nambari ile ni unene wa shindano kwa milimetre. Rayo ya kinga, ile banamama wengi walijifunzia, iko na milimetre 2 hivi, haiwezi kazi hii. Chonga miti miwili mikavu ao mianzi, kiisha sugua na papiye ya musasa mpaka uzi usikwame.

Njia ingine, na mimi naiona bora, ni kufumua pulovere za baloti. Mbele ya kulipa, geuza pulovere na uangalie ndani, pale upande wa mbele na wa nyuma vinaungana. Kama ukingo umekatwa na makasi na kuzungushwa na mashini, acha: utapata vipande vifupi tu. Kama kila upande ulifumwa na ukingo wake, fumua toka juu, palipomalizikia kazi. Zungushia uzi mu kiti, funga nafasi ine, osha na maji ya vuguvugu, na utundike na kitu kizito chini ili mikunjo iishe. Kujua uzi ni wa nini, choma kipande kidogo inje: sufu ya kondoo inanuka nywele na moto unazimika, akriliki inayeyuka na kuacha kitone kigumu.

Anza na sharpe. Fuma kwanza kipande cha kupima, vitanzi 15 na mistari 15, na uhesabu vitanzi ngapi viko mu sentimetre 10. Kama ni 12, sharpe ya sentimetre 20 inaomba vitanzi 24. Fuma vitanzi vya mbele tu, kwenda na kurudi, ukingo hautajikunja. Bulangeti ni hesabu ile ile, lakini hata ya mutoto inakula nusu kilo ya uzi na zaidi. Nunua yote siku moja, juu rangi ya wiki ijayo haitafanana. Na anza mwezi wa tatu ao wa ine. Mama anayefuma juu ya kuuza aweke kwanza bei ya peloti zote, kiisha siku zake; wengi wanasahau siku.

Kwa mutoto wa chini ya mwaka mumoja, uzi munene haufai kumufunika wakati analala peke yake: bulangeti ni nzito, inaweza kupanda mu uso, na vidole vinaingia mu matundu. Yeye umufumie kofia na soksi za uzi mwembamba.

Akriliki inayeyuka: isikaribie mbabula, na usipitishe fere ya makala juu yake. Vumbi ya barabara zetu inaingia ndani ya triko, kwa hiyo kung'uta kila asubuhi. Siku ya kuosha, usikamue kwa kuzungusha. Viringisha mu taulo, kandamiza, na uanike ikiwa imelala. Ukiitundika na maji yake, bulangeti itarefuka na haitarudi tena.