Njia ya Mwongo ni Fupi: Mkutano wa Tabora wa 1958 na Wajibu wa Kusema Kweli Hadharani

1.0 Utangulizi



Mada yangu ni wajibu wa raia katika kuitafuta kweli na kuisema hadharani. Mada hii ni pana mno, nami sikusudii kuijadili kinadharia. Nimechagua mahali pamoja, yaani Tabora, na tukio moja, yaani mkutano wa TANU wa Januari 1958, ambao katika vitabu vyetu vya historia unajulikana kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Hoja yangu ni hii. Tumezoea kuusimulia mkutano ule kama ushindi wa hekima ya mtu mmoja. Usimulizi huo si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Busara ya Tabora ilitokana na mjadala ambamo waliopinga walikuwa na hoja nzito, wakaruhusiwa kuzitoa. Tukiwafuta hao katika kumbukumbu yetu, tunabaki na uamuzi tu, huku tukiisahau njia iliyoufikia.

2.0 Kweli Njiani

Tabora haikuwa njia panda kwa bahati tu. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo kikuu cha Unyanyembe, mahali ambapo msafara uliotoka Bagamoyo ulipumzika kabla ya kuendelea magharibi hadi Ujiji au kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na utafiti wa wanahistoria umekwisha kuonyesha kwamba wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, si watumwa kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu.

Kwa mnasaba wa mada yetu, mambo mawili ya njia ile yanastahili kutajwa. La kwanza ni habari. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambamo maji yalikuwa haba. Msafara uliotaka kulivuka ulitegemea maneno ya waliotoka huko: kisima kipi kina maji, kijiji kipi kina chakula, wapi kuna vita. Aliyesema maji yapo ilhali hayapo alihatarisha maisha ya mamia ya watu. Katika mazingira hayo kusema kweli hakukuwa sifa ya mtu binafsi tu, bali sharti la uhai wa wote. Tunaposema kwamba njia ya mwongo ni fupi, hatuna budi kukumbuka kwamba palikuwa na njia halisi ambako usemi huo ungeweza kupimwa kwa miguu.

La pili ni mashauriano. Kirangozi alitangulia mbele, lakini hakuwa na uwezo wa kuwalazimisha watu wote. Wapagazi walipoona posho haitoshi au mwendo umezidi, walikaa kitako, wakateua wasemaji wao, na mizigo ikabaki chini hadi maafikiano yapatikane. Maandishi ya wasafiri wa Ulaya yamejaa malalamiko kuhusu jambo hili. Walichokiona kuwa ukaidi sisi leo twaweza kukitambua kuwa ni watu wanaodai kusikilizwa.

Hata hivyo, tusiipambe njia ile. Pamoja na wapagazi huru walipita pia mateka waliofungwa, ambao hawakuwa na mzigo wa kuutua wala msemaji wa kuwasemea. Mwanahistoria anayewataja wale akawaacha hawa hajasema kweli.

Lugha yetu nayo imehifadhi ushahidi wa zama hizo. Neno hongo, ambalo leo lina maana ya rushwa, katika njia ya misafara lilikuwa na maana ya ushuru uliotozwa na watawala, hususan katika Ugogo, ili msafara upite na kuchota maji. Wafanyabiashara waliulalamikia kuwa mzito, lakini ulijadiliwa mchana kweupe, na kila mtu alijua nani amelipa nini. Malipo yaliyofanyika mbele ya watu yameliachia jina lake tendo linalofanyika gizani. Neno raia vilevile limesafiri: asili yake ya Kiarabu ni kundi la malisho, kisha watu walio chini ya mtawala. Safari ya neno hilo kutoka mtawaliwa hadi mwananchi mwenye haki na wajibu ndiyo hasa safari ya kisiasa ninayotaka kuizungumzia.

3.0 Kura Tatu

Reli ya Kati, iliyoanzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara. Mji ukawa wa wafanyakazi wa reli, na pia wa shule. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, na baada ya Makerere alirudi mjini humo kufundisha katika shule ya St. Mary's. Kwa hiyo mwaka 1958 hakufika Tabora kama mgeni.

Suala lililowakutanisha wajumbe lilikuwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeweka utaratibu uliojulikana kama kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asiyechagua wote watatu kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Zaidi ya hayo, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti: kiwango fulani cha elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Sensa ya 1957 ilionyesha watu wanaokaribia milioni 9, ambao idadi yao kubwa mno walikuwa Waafrika. Walioandikishwa kupiga kura hawakufika laki moja.

Utaratibu huu ulikuwa dharau iliyovikwa vazi la usawa. Ulimwambia Mwafrika kwamba jamii ndogo sana za nchi zilikuwa na uzito sawa na jamii yake yote. TANU iliukataa, na Nyerere mwenyewe aliukataa. Mwezi Desemba 1957 alijiuzulu kiti chake cha kuteuliwa katika Baraza hilo. Wanachama waliokwenda Tabora mwezi uliofuata walikuwa na kila sababu ya kutarajia kwamba kiongozi wao angewaongoza kuususia uchaguzi.

4.0 Mjadala wa Tabora

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu. Nyerere aliwaambia wajumbe jambo ambalo hawakutaka kulisikia, tena jambo lililokinzana na msimamo aliokuwa akijulikana nao: TANU iingie katika uchaguzi. Hakudai kwamba kura tatu ni nzuri. Hoja yake ilihusu matokeo. TANU ikisusia, viti vyote vingechukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, na dunia ingeambiwa kwamba hao ndio wawakilishi wa Tanganyika. Masimulizi ya mkutano huo yanamkumbuka akitoa mfano wa mtu mwenye kanzu nyeupe ambaye hawezi kufika shambani kwake bila kupita kwenye matope. Mtu huyo ana hiari ya kubaki msafi akapoteza mazao, au kuchafuka akayaokoa.

Waliopinga hawakuwa wajinga. Walisema kwamba kushiriki ni kuukubali ubaguzi. Kwamba chama kilichojengwa na watu wasio na kipato wala shule hakiwezi kuingia katika uchaguzi unaowafungia nje watu hao hao. Kwamba mkoloni akikubaliwa mara moja atadai tena. Kila moja ya hoja hizi ilikuwa kweli. Ugumu wa Tabora haukuwa wa kupambanua kweli na uongo. Kweli mbili zilipambana, na watu walilazimika kuamua ni ipi itangulie. Mjadala uliendelea kwa siku kadhaa. Hatimaye mkutano uliamua kushiriki, na wakati huohuo ukaidai serikali ya madaraka katika mwaka 1959, la sivyo hatua za kitaifa zingechukuliwa. Naamini sharti hili la pili lilibeba uzito wa hoja za wapinzani.

Matokeo yanafahamika. Katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na waliungwa mkono nayo walishinda, wakiwamo Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Marion Chesham. Kura tatu iliyobuniwa ili kuwagawa watu ikazaa wabunge wa jamii zote waliosimama upande wa uhuru. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Mwaka huohuo wa 1958 kweli ilipelekwa mahakamani. Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU kuwashutumu maofisa wa serikali wa wilaya. Mwezi Agosti alitiwa hatiani kwa kashfa, akapewa hiari ya kulipa faini ya pauni 150 au kufungwa miezi sita. Kiasi cha faini kilikuwa sawa na kipato cha mwaka mzima kilichomstahilisha mtu kupiga kura. Faini ililipwa na uchaguzi ukaendelea. Tukio hilo linatukumbusha kwamba wakati ule aliyeandika juu ya matendo ya watawala alijua kwamba angeweza kudaiwa gharama.

5.0 Walioshindwa

Sasa niwageukie wale ambao vitabu huwataja kwa sentensi moja. Zuberi Mtemvu aliyakataa maamuzi ya Tabora, akajitoa TANU na kuunda African National Congress. Chama chake kilitaka Tanganyika iwe ya Waafrika, msimamo ambao wengi wetu hatuwezi kuukubali. Nyerere aliupinga kwa nguvu katika mjadala wa uraia wa Oktoba 1961, alipokuwa tayari kujiuzulu kuliko kuruhusu uraia upimwe kwa rangi. Mtemvu aligombea urais mwaka 1962 akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Lakini alisimama hadharani, akasema anachokiamini, na wananchi wakamhukumu kwa kura. Hivyo ndivyo inavyopasa.

Baada ya hapo mlango ulianza kufungwa. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962. Kasanga Tumbo, aliyewahi kuongoza chama cha wafanyakazi wa reli na kisha kupingana na serikali, aliwekwa kizuizini mwaka 1964. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, aliyekuwa Waziri wa Sheria, aliondoka serikalini mwaka 1963. Miongo karibu mitatu baadaye tunamkuta miongoni mwa waliodai vyama vingi, akiongoza chama cha UMD.

Chama kilichofikia uamuzi wake bora kwa kuwasikiliza wapinzani kiliongoza nchi katika kuuondoa upinzani. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kupuuzwa: umoja wa taifa changa, umaskini, maasi ya jeshi ya 1964. Lakini mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima na kuiepuka fitina. Ahadi hiyo ni nzuri. Swali ni nani anayeamua kwamba neno fulani ni kweli na lingine ni fitina. Anapokuwa ni yule anayesemwa, ahadi inageuka kuwa kufuli.

Ilitubidi kusubiri hadi 1991, Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi kukusanya maoni. Zaidi ya asilimia 77 ya waliohojiwa walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na kutaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kuhimiza mjadala huo mwaka 1990. Kwa mara nyingine busara ilionekana kwa kusikiliza sauti ya wachache.

6.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, naomba nihitimishe kwa mapendekezo mawili. Kwanza, tunapoufundisha mkutano wa Tabora mashuleni, mwanafunzi apewe hoja za pande zote mbili na aulizwe yeye angepiga kura vipi. Akipewa jibu tu, amejifunza kutii. Akipewa mjadala, amejifunza uraia. Pili, wazee wa Tabora na wa vituo vya reli wanaokumbuka miaka ile wanazidi kupungua. Idara zetu za historia na za Kiswahili zinapaswa kuyarekodi masimulizi yao, na hasa ya familia za wale walioshindwa, kabla hayajatoweka.

Wapagazi wa zamani waliuvuka Mgunda Mkali kwa sababu aliyetangulia aliwaambia kweli kuhusu maji, nao walikuwa na haki ya kumuuliza tena pale walipoona shaka. Sisi tunaovuka mapori mengine tunahitaji hayo yote mawili: kiongozi asemaye kweli, hata ile isiyompa sifa, na raia anayeruhusiwa kutua mzigo na kuuliza.