Namba sita wa Eastlands: kazi isiyopigiwa makofi

Tarehe 27 Juni 2019, Kenya na Tanzania zilipokutana Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Pwani yetu iligawanyika. Nani hapa hana jamaa Tanga au Unguja? Kenya ilishinda 3-2, na kesho yake barazani jina lilikuwa moja tu: Michael Olunga, aliyefunga mabao mawili. Mimi niliwaza viungo wawili: nahodha Victor Wanyama, aliyekulia Muthurwa, na Johanna Omolo wa Dandora, aliyesawazisha ikawa 2-2. Wote ni vijana wa Eastlands, Nairobi.

Tuanze na mfumo. Katika 4-2-3-1 kuna mabeki wanne, viungo wawili mbele yao, washambuliaji watatu nyuma ya mmoja wa kati. Wale viwili vya katikati ndio bawaba ya mlango. Mmoja, ambaye wengi humwita namba nane, ana ruhusa ya kupanda. Mwenzake, namba sita, hubaki.

Kubaki si kusimama. Namba sita ana kazi tatu. Ya kwanza ni kuziba njia ya pasi inayomwendea mshambuliaji wa adui, kabla haijapigwa. Ya pili ni kufunika pengo: beki wa kulia akipanda, yeye husogea upande huo. Ya tatu ni kupokea mpira kwa mabeki na kuutoa haraka kwa mwenye nafasi.

Msimu wa 2016/17 Wanyama aliifanya kazi hiyo Tottenham, iliyomaliza ya pili Uingereza. Kyle Walker na Danny Rose walikuwa mabeki, lakini walikimbia pembeni kama mawinga. Waliweza kwa sababu nyuma yao kulikuwa na mtu. Mousa Dembélé naye aliuburuta mpira mbele akijua nani amebaki.

Namba sita hakatazwi kufunga. Novemba 7, 2012 Celtic iliishinda Barcelona 2-1. Barcelona walishika mpira karibu usiku kucha. Celtic walijipanga karibu karibu, wakavumilia, na Wanyama, akiwa na miaka 21, akafunga bao la kwanza kwa kichwa kutoka mpira wa kona.

Kwa nini Eastlands? Kwa maoni yangu, viwanja vyake ni mwalimu. Katika mashindano kama Koth Biro pale Ziwani, watazamaji husimama hadi kwenye chaki na mpira hudunda ovyo kwenye udongo. Ukichelewa kuamua, umeshanyang'anywa. Anayedumu katikati ni yule aliyetazama bega lake kabla mpira haujamfikia. Na nyumba ya Wanyama ilikuwa na darasa lake: baba, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards, na kaka, McDonald Mariga, naye kiungo, alikuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010.

Sasa turudi kwetu. Nilitazama mechi ya vijana hapa Pwani, timu moja ikiongoza 2-0. Viungo wote wawili walipanda kutafuta bao la tatu. Mechi ikaisha 3-2, wamefungwa. Kocha akamfokea golikipa, mtoto akatoka analia. Kosa halikuwa lake. Mabao yote matatu yalipita mahali ambapo namba sita alipaswa kuwa.

Tunawalea watoto wote wawe namba kumi, halafu yule mpole asiyependa chenga tunamweka benchi. Huenda ndiye tunayemtafuta. Jumamosi hii ukienda uwanjani, mtazame yeye dakika kumi tu, hata mpira ukiwa mbali naye. Akifanya kazi yake, mpigie makofi. Na akipanda, muulize kocha nani amebaki.