Swali la Mama Mdogo: Ebola ya Beni na Butembo, 2018–2020

Wasomi wenzangu, kila tukizungumzia Ebola ya kwetu, hakosi mtu wa kusema: "Watu walikataa kwa sababu hawakusoma." Nilikuwa Butembo wakati ule, mwanafunzi wa kujitolea, na nilisema hivyo hivyo. Leo najisahihisha.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuisha, 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa wamefika 3,470, na 2,287 kati yao walikufa.

Miezi ya kwanza nilipita sokoni nikigawa karatasi za kunawa mikono. Mama mdogo, anayeuza maharagwe pale, akaniuliza: "Tangu 2014 batu banachinjwa Beni, hamukufika. Leo juu ya Ebola ndo muko na magari mingi?" Sikuwa na jibu. Nikamwachia karatasi, nikaendelea.

Hakuwa peke yake. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Kama robo walisema Ebola haipo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa hapa wanatetea maslahi yao. Na asiyewaamini viongozi alikuwa mzito zaidi kukubali chanjo. Kumbe shida ilikuwa kubwa kuliko elimu ya vijidudu.

Kisha ikaja siasa. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilisogeza kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, sababu ikiwa Ebola na usalama, wakati rais mpya aliapishwa Januari. Kwa mtu wa kawaida, ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya kura. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kamerun, aliuawa kwa risasi Butembo. Hakuna hasira inayohalalisha damu ile. Ila tukitaka isirudi, tuelewe njia iliyoifikisha hapo.

Na katikati ya moto huo, utafiti mkubwa ulifanikiwa hapa hapa. Ulianza Beni Novemba 2018, ukaitwa Pamoja Tulinde Maisha, ukiongozwa na taasisi yetu ya INRB ya Profesa Muyembe pamoja na Wamarekani. Kila mgonjwa aliyeingia alipata moja ya dawa nne, hakuna aliyepewa maji matupu. Agosti 2019 jibu lilipatikana: kwa ZMapp karibu nusu ya wagonjwa walikufa, kwa dawa mbili bora kama theluthi moja. Moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Nini kilisaidia? Naeleza nilichokiona. Beni kulikuwa na vyumba vyenye kuta za plastiki angavu: familia ilimwona mgonjwa wake, ikaongea naye. Na waliopona walirudi kufanya kazi, wakiwalea watoto waliotengwa na wazazi. Mama mdogo alikubali chanjo baada ya kuongea na mmoja wao, jirani yake. Karatasi yangu haikuchangia kitu.

Lakini swali lake lilibaki. Mwaka 2019 huo huo surua ilikuwa inaua watoto Kongo nzima. Ilizidi vifo 6,000, na magari hayakujaa barabarani kwa ajili yao.

Kwa hiyo wewe unayeandika tezi sasa, unayetaka kwenda kituo cha afya cha mtaani na fomu za kusainisha: kabla ya kuuliza maswali yako, umewauliza wanaumwa nini wao? Na wakikujibu malaria, maji, au vita, utafanya nini na jibu hilo? Nangoja maoni yenu, hasa ninyi mliokuwa Beni.