Lenzi ya Punguzo na Kuta za Kilwa

Historia ya pwani yetu ya kusini imeandikwa kwa kalamu na kwa kioo. Kalamu ilitangulia sana: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, na wasomi wamekuwa wakiyapima maneno yake tangu hapo, wakiuliza aliona nini kwa macho yake na nini alisimuliwa. Kioo, yaani lenzi ya kamera, kilikuja karne nyingi baadaye, na ajabu ni kwamba hakuna anayekihoji. Mtu akionyeshwa picha ya zamani husema, “Hivi ndivyo ilivyokuwa,” basi. Haulizi picha ile ilipita katika kioo cha namna gani.

Picha mashuhuri za upande wetu huu ni zile za Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba mifupa ya dinosaria katika vilima vilivyo kaskazini magharibi ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini. Msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limehifadhiwa. Majina ya wapagazi wengi hayakuhifadhiwa. Kilichobaki kwao ni sura zao katika picha. Ukitazama kwa makini utaona mikunjo ya nguo na kamba zilizofungia mizigo. Kama kioo kingekuwa kibovu, watu hao wangebaki vivuli tu.

Na kioo cha zama hizo kilikuwa kizuri. Mjini Jena, Ujerumani, Otto Schott alikuwa ameanzisha mwaka 1884, pamoja na Ernst Abbe na Carl Zeiss, karakana ya kuyeyusha vioo vya aina mpya. Mwaka 1902 ikatoka Jena lenzi iitwayo Tessar, yenye vipande vinne vya kioo, viwili kati yake vikiwa vimegandishwa pamoja. Msomaji aikumbuke gundi hiyo, maana nitaifikia tena.

Kwa mwalimu wa Lindi, lenzi nzuri ilikuwa kitu cha kusikia tu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na mtu asiyepata sabuni hawezi kuulizia kamera. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vitu vikaanza kuonekana tena madukani, vingi vikiwa vimetumika. Hata hivyo sisi tulikuwa mbali. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, masika yalipochachamaa barabara ya Dar es Salaam ilikuwa jina tu. Kitu ulichonunua ukagundua kesho yake kuwa ni kibovu, kilikuwa chako mpaka kufa. Ndiyo maana watu wa huku walijifunza kukagua kabla ya kulipa. Sidhani kama ni tabia mpya: mji uliouza dhahabu ya Sofala na kupokea shanga za kioo kutoka ng'ambo haukuishi kwa kufumba macho.

Mwaka 1993 mwenye duka mmoja mjini Lindi alikuwa akifunga biashara yake, na katika kabati lake la kioo zilikuwamo lenzi mbili za milimita 50 zilizoingia kamera ya chuo chetu. Moja ilikuwa inang'aa kama mpya, naye aliipunguza bei hadi nusu. Nusu yenyewe ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi.

“Mwalimu,” akaniambia, “mali ya punguzo haina maswali.”

“Mzee wangu,” nikamjibu, “basi niruhusu niitazame pasipo kuiuliza.”

Akacheka, akanipa na tochi.

Adui wa kwanza wa lenzi katika pwani hii ni kuvu. Hupenda giza na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kabatini karibu na bahari hupata vyote viwili. Hula vumbi na mafuta ya vidole, kisha hutoa asidi inayochimba utando wa kioo na hata kioo chenyewe. Ukiimulika lenzi kwa tochi ubavuni, siyo moja kwa moja, kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Kuianika juani huweza kuiua, lakini kovu halifutiki. Lenzi ile ilikuwa na nyuzi mbili tatu pembeni, kidogo mno. Kisha nikatazama ile gundi. Ikianza kuachia, pembeni huonekana rangi kama za mafuta ya taa juu ya maji. Hapakuwa na kitu. Vijibati vya ndani vinavyopanua na kubana tundu la mwanga vilikuwa vikavu, vikirudi upesi bila kusita.

Kwa macho, basi, ilikuwa imepita. Lakini macho hayaoni vipande vya kioo vilivyohama kidogo kwa sababu lenzi iliwahi kuanguka. Jambo hilo hujulikana kwa picha tu. Nikaomba nipewe zote mbili kwa siku mbili, nikaacha amana. Nilipiga picha ya ukuta wa matofali wa bwalo, kamera ikiwa juu ya meza, tundu likiwa wazi kabisa. Halafu nikaenda ufukweni nikaupiga upeo wa bahari, nikiuweka karibu na ukingo wa juu wa picha. Upeo wa bahari ni rula tuliyopewa bure. Lenzi ikiupinda, itaupinda na ukuta.

Filamu ilisafishwa katika chumba cha giza cha chuo. Ile lenzi inayong'aa ilionyesha matofali ya kushoto yakiwa makali kama wembe, na ya kulia yakiwa kama uji. Ya pili, ambayo mzee hakuwa hata ameitangaza kwa kuwa ilikuwa na mkwaruzo mrefu usoni, ilikuwa sawa pande zote na upeo ulinyooka. Mkwaruzo mmoja wa mbele huzuia mwanga kidogo sana. Watu huuogopa kwa kuwa unaonekana. Nikainunua hiyo, kwa bei ndogo zaidi, na mzee akanishangaa kwa dhati.

Niliihitaji kwa kazi moja. Klabu ya historia ya chuo ilitaka kupiga picha za Kilwa Kisiwani kila mwaka kutoka mahali palepale: Gereza, ambalo ndilo linalomlaki mtu atokaye Masoko kwa mashua, Msikiti Mkuu na makuba yake, na Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane. Neville Chittick alikwisha kuchimba huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha juzuu mbili kikatoka mwaka 1974. Yeye alitaka kujua kuta zilijengwa lini. Sisi tulitaka kujua zinaanguka upesi kiasi gani, maana mawimbi yalikuwa yakila ukingo wa pwani na mvua zikila chokaa. Katika kazi ya namna hiyo lenzi yenye ukungu hulainisha ukuta na kuficha nyufa nyembamba. Inayopinda mistari huufanya ukuta ulionyooka uonekane umevimba. Lenzi mbaya ingeweza kubomoa Gereza katika karatasi, au mbaya zaidi, kulikarabati.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa katika hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Picha zetu hazikushiriki katika maamuzi hayo, wala sidai. Lakini ninazo, na kwa mwanafunzi anayetaka kuona jiwe fulani lilikuwapo mwaka gani, zinatosha.

Negativi nimeziweka katika kopo la bati pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, ambao hubadilishwa kila masika. Lenzi yenyewe anayo mjukuu wangu. Ameifunga kwa pete ya kuunganishia katika kamera ya kidijitali. Mwaka jana nilimpeleka kisiwani nikamwonyesha pa kusimama. Kabla ya kupiga, aliigeuza kamera baharini, akauweka upeo juu ya picha, akautazama.