Jicho mbele, dawa nyuma: historia ya kutibu kansa ya prostati

Wandugu wa promosheni zote, leo ninaandika juu ya ugonjwa ule wazee wetu wanaficha sana. Prostati ni tezi ndogo ya mwanaume, iko chini ya kibofu cha mikojo. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, kansa yake njo inaongoza kati ya kansa zote za wanaume. Ikikamatwa ingali ndani ya tezi, wanganga wanaweza kuitoa ao kuichoma na mionzi, na mtu akapona. Lakini ikitoka inapenda kukimbilia mifupa: mgongo, kiuno, mbavu. Mzee anasema mgongo unaniuma, watu wa nyumba wanafikiri ni kazi ya shamba ao ni umri tu.

Nataka kufuata historia ya ile kansa imekwisha kutoka, ile wanganga walikuwa wanaiacha zamani bila tumaini. Kwa maoni yangu iko na somo moja: karibu kila mara tiba ilipiga hatua, kulikuwa njia mpya ya kuona ugonjwa. Jicho linatangulia, mkono unafuata. Na Kongo iko ndani ya historia hiyo kuliko vile wengi wetu wanajua.

Radiumu ya Katanga

Marie na Pierre Curie walitangaza radiumu mwaka wa 1898. Haikupita miaka mingi, wanganga wa Paris wakaanza kuitumikisha juu ya kansa ya prostati, na kule Baltimore, Marekani, munganga Hugh Hampton Young akaendelesha kazi hiyo. Shida ilikuwa kupata radiumu yenyewe. Ilihitaji tani na tani za mawe kwa kupata gramu moja.

Mwaka wa 1915 madini ya uraniumu yalionekana Shinkolobwe, kule Katanga. Yalikuwa tajiri sana. Union Minière ilianza kuyatuma Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kilikuwa kinatoa radiumu. Viwanda vya Marekani havikuweza kushindana, vikafunga mmoja nyuma ya mwingine. Kwa miaka kama kumi, mpaka Kanada ilipoingia sokoni, hospitali ya Ulaya ao ya Amerika yenye kununua radiumu ilikuwa mara nyingi inanunua kitu kilichochimbwa na mikono ya watu wetu.

Je, ile radiumu ilimaliza kansa ya prostati? Hapana. Munganga alikuwa anaweka sindano ya radiumu pale kidole chake kinasikia uvimbe. Ile imekwisha kufika mfupani hakuiona. Radio ya kawaida inaonyesha mfupa pale umekwisha kuharibika vya kutosha, na hapo muda umepita. Mkono ulikuwa na nguvu, jicho lilikosa.

Mwaka wa 1941

Jicho la kwanza lilitoka labo. Katika miaka ya 1930, Alexander na Ethel Gutman, kule New York, walionyesha kama damu ya wanaume wenye kansa ya prostati iliyofika mfupani iko na enzimu mingi inayoitwa fosfatase asidi. Kwa mara ya kwanza munganga aliweza kupima ugonjwa bila kuugusa.

Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada, alikuwa anafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Yeye na mwenzake Clarence Hodges walichukua kile kipimo na kuuliza swali moja: kansa hii inakula nini? Walitoa korodani za wagonjwa, ao waliwapa homoni ya kike. Fosfatase ikashuka. Walipowapa wengine testosteroni, ikapanda. Wagonjwa waliokuwa wanalia na maumivu ya mifupa walianza kupata nafuu. Ilikuwa 1941. Kansa ilikuwa imeonyesha kama inategemea homoni ya mwili, na ukiinyima chakula hicho inalala. Huggins alingoja mpaka 1966 kwa kupata Tuzo ya Nobel.

Angalieni vizuri: kutoa korodani kulijulikana tangu zamani. Kitu kipya kilikuwa kile kipimo. Bila fosfatase Huggins asingeweza kuonyesha kama kazi yake inafika mpaka mfupani.

Ubongo wa nguruwe

Homoni ya kike haikukosa hasara. Katika miaka ya 1960, utafiti juu ya askari wa zamani wa Marekani ulionyesha kama dozi kubwa inaua watu na magonjwa ya moyo. Ikabidi kutafuta njia ingine, na hapa sisi watu wa mifugo tunaweza kusimama kidogo.

Andrew Schally, mtu wa asili ya Poland aliyefanya kazi New Orleans, alitafuta ile amri inayotoka kwenye ubongo ili korodani zitengeneze testosteroni. Kiasi chake ndani ya mnyama mmoja ni kidogo kabisa. Alihitaji vipande vya ubongo wa nguruwe zaidi ya laki moja kutoka machinjio. Mwaka wa 1971 timu yake ilijua muundo wa ile homoni, na mwaka wa 1977 akapata Nobel pamoja na Roger Guillemin, mshindani wake aliyetumikisha kondoo, na Rosalyn Yalow.

Kisha kukatokea jambo la kushangaza. Ukimpa mtu dawa inayofanana na ile amri, na ukaiacha mwilini bila kupumzika, mwili unachoka kuisikia na testosteroni inashuka sawa vile korodani zimetolewa. Ni sawa mtoto anayeitwa jina lake kutwa nzima: mwisho haitiki tena. Leuprolidi, sindano ya namna hiyo, ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1985.

Na jicho? Mwaka wa 1979 watafiti wa Buffalo walitenga proteini ya prostati inayoitwa PSA. Mwaka wa 1986 Marekani ilikubali kuipima katika damu kwa kufuata wagonjwa, na 1994 kwa kutafuta wagonjwa wapya. Ikachukua nafasi ya fosfatase.

Kansa inajifunza

Kila agronome anajua hadithi hii. Unapiga dawa ileile shambani miaka mitatu, minne, wadudu wale walibaki hai wanazaa, na siku moja dawa haiwasumbui tena. Kansa ya prostati inafanya vilevile. Nyuma ya miezi ao miaka bila testosteroni, inapata njia: inajitengenezea yake, ao inakula ile kidogo inayotoka tezi zilizo juu ya figo.

Mwaka wa 2004, kwa mara ya kwanza, dawa ya kuua seli ilionyesha kama inaweza kurefusha maisha ya mtu aliyefika hapo. Inaitwa dosetakseli. Pierre Potier na wenzake, kule Gif-sur-Yvette, Ufaransa, waliitengeneza kuanzia majani ya mti unaoitwa if kwa Kifaransa. Majani yanaota tena, ngozi ya mti ukiimaliza mti unakufa; njo maana kutumikisha majani kulikuwa akili. Faida ilikuwa ndogo: katikati, miezi 18,9 pahali pa 16,5. Lakini mlango ulifunguka.

Mwaka wa 2011 abirateroni iliingia. Ilitoka London, na inafunga kiwanda cha testosteroni popote kiko, hata ndani ya kansa yenyewe. Mwaka wa 2012 enzalutamidi ikafuata, inayoziba pale testosteroni inashikia. Kisha wanganga wakajiuliza: sababu gani tunangoja kansa ichoke na dawa ya kwanza mbele ya kutoa ya pili? Mwaka wa 2015 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kama dosetakseli ikitolewa mapema, pamoja na kukata homoni, maisha yanafika katikati miezi 57,6, pahali pa 44. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja, na bila dawa mpya hata moja. Ni kupanga majira tu, sawa vile tunapanga kupanda.

Jicho linageuka mkono

Tangu miaka ya 1970 wanganga walikuwa na picha ya mifupa kwa teknesiumu. Ilisaidia sana, lakini haioni kansa. Inaona mfupa unaojirekebisha, na mfupa unajirekebisha hata ukivunjika ao ukizeeka.

Mwaka wa 1987, kule Buffalo tena, ilionekana proteini ingine iliyo juu ya seli za kansa ya prostati. Inaitwa PSMA. Ni kama kitasa juu ya mlango. Karibu 2011, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitengeneza kifunguo kidogo kinachoingia katika kile kitasa na wakakifungia galiumu-68, yenye kutoa mionzi. Ukimdunga mgonjwa, kamera inaonyesha penye kansa imejificha. Mwaka wa 2020, utafiti wa Australia juu ya wanaume 302 uliilinganisha na picha za zamani: ile mpya ilisema ukweli mara 92 juu ya 100, za zamani mara 65.

Kisha wazo likaja lenyewe. Kama kifunguo kinafika mpaka kwenye kansa, toa galiumu inayoangaza, weka lutesiumu inayochoma. Utafiti wa wagonjwa 831 ulitolewa mwaka wa 2021: katikati, miezi 15,3 ya maisha pahali pa 11,3. Miezi minne, na hasara ziko: mate yanakauka, sababu tezi za mate pia ziko na kile kitasa. Haiponyeshi. Lakini tumefika pahali munganga anatibu kile anaona, na anaona kile anatibu.

Na radiumu? Ilirudi. Mwaka wa 2013 Marekani ilikubali radiumu-223 kwa kansa iliyo mfupani. Safari hii hakuna wa kuisindikiza na kidole. Katika jedwali la Mendeleev radiumu iko nguzo moja na kalsiumu, kwa hiyo mfupa unaichukua kama kalsiumu, zaidi pale unajengwa haraka karibu na kansa, na mionzi yake haifiki hata milimita moja mbali. Tangu 2021 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linasaidia kukusanya sindano za zamani za radiumu zilizosahauliwa katika hospitali za dunia, ili zitumikishwe kutengeneza aktiniumu-225, dawa yenye nguvu kupita lutesiumu. Kule Pretoria, timu ya profesa Mike Sathekge imekwisha kutibu wagonjwa na aktiniumu hiyo, na matokeo yao yanasomwa dunia nzima. Katika zile sindano za zamani, huenda nyingine ndani yake kuko Shinkolobwe.

Kwetu huku

Mtu ataniambia: hayo yote ni ya wenye pesa. Ni kweli kwa nusu. Galiumu-68 inapunguka nusu kila dakika 68. Kwa muda huo gari iliyotoka Bukavu haijafika Uvira. Lakini inatoka ndani ya chombo kinachokaa miezi, na unakikamua asubuhi sawa ng'ombe. Lutesiumu inakaa siku 6 na nusu mbele ya kupunguka nusu, inaweza kupanda ndege. Tusisahau kama Kinshasa ilikuwa na reakta TRICO mwaka wa 1959, ya kwanza katika Afrika. Kilichokosekana huku haikuwa akili. Ilikuwa kuendelesha.

Nusu ingine iko mikononi mwetu leo. Kipimo cha PSA kinapatikana katika labo za miji yetu mikubwa. Kinaweza kupanda pia juu ya maambukizo ao prostati iliyokua tu bila kansa, kwa hiyo munganga njo anakifasiria. Karatasi ya labo peke yake haitoshi. Abirateroni iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na leo inatengenezwa na viwanda mbalimbali kwa bei ya chini kuliko mwanzo. Na ile tiba ya 1941, kutoa korodani, ni operesheni fupi, inafanywa mara moja, haiombi sindano ya kununua kila miezi mitatu, na mpaka leo inalaza kansa sawa sindano ya bei kali. Kuko wanaume wanaikataa, sababu wanaona ni kuacha kuwa mwanaume. Siwacheki, ni jambo gumu. Lakini mtu asiyeweza kusimama na maumivu ya mgongo naye amepoteza mengi, na bibi yake na watoto wake wangependa akae.

Kwetu jicho lingali nyuma sana ya mkono, kama wakati wa Hugh Young. Wagonjwa wetu wengi wanafika pale kansa imekwisha kula mifupa, na hapo hata Heidelberg haiponyeshi. Mzee wa miaka 45 na kupita, zaidi kama baba ao ndugu yake aliugua hii kansa, aongee na munganga mbele mgongo haujaanza kuuma. Na sisi wenye diplome, tuache kunyamaza mbele ya baba zetu juu ya haya. Waliuza mbuzi na mihogo ili tusome. Kuwaambia jambo hili pia ni faida ya masomo yale.