Waume Bomani, Wake Nyumbani: Somo la Historia kutoka Same

Mwenye daftari na alifungue, na asiye nalo asikilize vizuri, kwani mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumza kikundini.

Swali letu la leo ni hili: serikali inapotaka kubadili mpango wa kazi zake, nani aulizwe? Ni mtumishi anayeifanya kazi hiyo, au ni mwananchi ambaye kazi hiyo inafika mlangoni kwake? Tutatafuta jibu katika historia, nasi tutaanzia Same, chini ya Milima ya Upare.

Zamani za utawala wa Waingereza kila mwanamume mzima alilipa kodi ya kichwa, maskini na tajiri kiasi kimoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watawala wa jadi wa Upare, kwa kuungwa mkono na Bwana Wilaya, walianzisha kodi nyingine ya kupimwa kwa mali ya mtu. Waliiita mbiru, jina la ushuru ambao watu wa kale waliwapelekea watawala wao.

Ukiitazama kwa juu juu, kodi hiyo ina haki ndani yake, maana mwenye vingi atoe vingi. Lakini mali ya Mpare ilipimwaje? Ng'ombe wake mmoja yuko kwa shemeji, mwingine kwa rafiki. Kahawa mwaka huu imezaa, mwaka ujao haizai. Watu waliona kwamba wapimaji hawaijui mali yao, wala hawaelezi hesabu waliyoifanya. Jirani wawili walio sawa waliweza kuandikiwa kodi zisizo sawa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Basi mwezi wa Januari mwaka 1945, maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaja Same, wakakaa karibu na boma. Hawakuja na silaha. Wala hawakukataa kulipa kodi. Walisema wako tayari kulipa kodi ya kichwa kama zamani, lakini mbiru hawaitaki. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Siku zikawa majuma, majuma yakawa miezi, na shauri halikuisha.

Sasa, wasikilizaji, twende nyumbani kwa wale waliokaa bomani. Upare ni nchi ya mifereji na ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Maji yana zamu, na mifereji inataka mikono ya kuizibua. Mume akiwa Same, nani atazibua mfereji? Nani atatengeneza boriti iliyooza? Mzigo wote ulimwangukia mke, juu ya ule aliokuwa nao tangu zamani.

Mwaka 1946 wanawake wakasema basi. Bwana Wilaya alipofika Usangi, walimkabili kwa mamia. Hawakumletea hoja za hesabu ya kodi. Walimwambia amalize shauri ili waume zao warudi, la sivyo awazalishe yeye mwenyewe. Hayo yalikuwa maneno makali, hasa kutoka kwa wanawake wa heshima, lakini maana yake ilikuwa wazi: mpango wenu wa ofisini umeivunja nyumba yangu, basi niambie nani ataijenga. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeachwa.

Wanaoisimulia habari hii mara nyingi huishia hapo, kwa ushindi. Lakini tazameni kilichofuata. Karibu na mwaka 1950 Idara ya Maendeleo ya Jamii ilianzisha huko huko Usangi mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mlima uliowafukuza wapimaji uliwapokea walimu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Wapare walichukia serikali au mambo mapya. Walichokataa ni kupangiwa nyumba zao bila kuulizwa.

Sasa tumgeukie mtumishi, maana kazi ya ustawi na maendeleo ya jamii haijifanyi yenyewe. Yuko mtu anayepanda mlima, anayesuluhisha mume na mke, anayemtafutia matunzo mtoto aliyeachwa. Yeye husemewa na nani?

Watumishi wa serikali walianza mapema kujikusanya. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu.

Uhuru ulipopatikana, ugomvi ulizuka upya, safari hii kati ya ndugu. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria za kubana migomo, na nyingine ya kupanga jinsi watumishi wa serikali watakavyojadiliana na mwajiri wao. Viongozi wengine wa vyama walipinga. Kisha, baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, shirikisho likavunjwa, na kikaundwa chama kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Serikali ilikuwa na hoja: wenye mishahara walikuwa wachache, na wakulima walikuwa wengi. Je, ni haki karani aongezewe mshahara wakati mkulima wa Mamba au Chome hana zahanati? Hoja hiyo ina uzito. Lakini ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilipovunjwa na kazi zake kuwekwa chini ya wilaya na mikoa, chama cha wafanyakazi hakikuwa na sauti yake huru. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na watumishi wakapangwa tena. Vyama huru vilirudi miaka ya 1990, na mwaka 2003 ikatungwa sheria mpya ya majadiliano katika utumishi wa umma.

Tunajifunza nini basi? Chama cha wafanyakazi kina kazi ya kumlinda mtumishi, naye anastahili kulindwa. Lakini chama kikizungumza vyeo na mishahara tu, kitafanana na wale wapimaji wa mbiru: kitahesabu vya ofisini, na nyumba ya mwananchi hakitaiona. Serikali nayo ikisema inajua mahitaji ya familia bila kumwuliza yule anayeingia katika nyumba hizo kila siku, itapata hesabu nzuri kwenye karatasi na mfereji usiopitisha maji. Meza ya majadiliano inataka viti vitatu, na mara nyingi kiti kinachosahauliwa ni cha mama wa Usangi.

Maswali ya kikundi:

1. Kwa nini kodi iliyokusudiwa kuwa ya haki ilikataliwa?

2. Wanaume walidai nini Same, na wanawake walidai nini Usangi? Madai hayo yalitofautianaje?

3. Ofisi ya ustawi wa jamii katika wilaya yenu ikipangwa upya, nani wangepaswa kuitwa kwanza, nao waulizwe nini?

Andikeni majibu yenu, myasome kwa sauti, na mbishane kwa adabu. Kwaherini hadi somo lijalo.